Malindi, gari huoshwa chini kabla ya juu

Juzi nimeuza Probox yangu. Mnunuzi alitoka Mombasa na fundi wake, na yule fundi hakushughulika na rangi wala viti. Alitandika boksi, akaingia uvunguni na tochi, akagongagonga chesisi kwa bisibisi. Alipotoka akauliza, "Gari hili kweli limekaa Malindi?" Limekaa Malindi muda wote niliokuwa nalo, tena kwangu ni upande wa bahari. Bei niliyotaja ndiyo niliyolipwa.

Nalisema hili kwa furaha, na pia kwa sababu nimesemwa sana. Mtaani niliitwa bahili. Shemeji yangu mmoja alinitolea maneno harusini mbele ya watu: mtu mzima mwenye gari lake, Jumamosi asubuhi, amelala chini na ndoo kama hana cha kuwapa vijana wa kuosha magari. Yale maneno bado yananiuma. Vijana niliwahi kuwapa, hapo hapo mjini. Gari lilirudi na boneti imejaa mikwaruzo ya mviringo, maana sponji iliyosugua rimu za matatu ndiyo iliyopandishwa kwenye boneti yangu na mchanga wake. Na chini hawakugusa. Chini hakuonekani, basi hakuna anayekuuliza.

Ndugu zangu, adui wa gari huku kwetu si vumbi, ni chumvi. Kusi likivuma, hata gari lililolala uani bila kwenda popote, pitisha kidole kwenye kioo asubuhi ukionje. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kama mnavyoiona ya jikoni ikilowa wakati wa masika. Ikishika chuma hukiweka majimaji usiku kucha, na maji ya chumvi hula chuma haraka kuliko maji matupu. Ukitoka Gongoni au Marereni kwenye mashamba ya chumvi, kisha ukakanyaga tope jekundu la Ganda au Kakuyuni, tope hilo hunasa ndani ya madigadi na kuifungia chumvi humo humo. Kwa nje gari linang'aa, ndani linaliwa.

Kwa hiyo mimi huanza chini, kwa maji matupu bila sabuni. Naingiza mpira wa maji ndani ya madigadi, nyuma ya tairi, kwenye ukingo ulio chini ya milango, mpaka maji yatoke safi. Halafu kuna vitundu vidogo chini ya kila mlango, vya kutolea maji. Vikiziba, maji hutuama ndani ya mlango na kutu huanzia ndani kuja nje. Ukiona rangi imevimba umeshachelewa. Mimi huvizibua kwa njiti ya chelewa, kazi ya dakika chache.

Maji nayo yaangalieni. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na mwamba wetu wa matumbawe huongeza chokaa. Ukiosha kwa maji hayo umerudisha kile kile ulichotaka kukiondoa, na yakikauka huacha madoa meupe. Tumia ya bomba, yale yanayotoka Baricho, au ya mvua. Bomba likikauka, na mnajua hukauka, weka akiba ya maji ya mvua angalau ya kusuuzia mwisho. Madoa yaliyokwisha kushika kwenye kioo hutoka kwa siki iliyozimuliwa na maji.

Juu hakuna maneno mengi. Kivulini, boneti ikiwa imepoa, kutoka paani kushuka. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Rimu mwisho, na kitambaa chake peke yake. Sabuni ya unga acheni, huondoa nta inayolinda rangi. Kumbi la nazi na dodoki acheni kabisa, hata kama baba alisugulia hayo.

Na hii habari ya kupuliza dizeli uvunguni ili kuzuia kutu, mimi siitaki. Dizeli huharibu raba za bushi, vumbi hugandia juu yake, na inayodondoka huingia ardhini, nasi humo humo ndimo tunamochimba visima.

Vijana, mnakopa chama, mnanunua gari, mnapiga nalo picha Casuarina, kisha mnaliachia bahari. Hela hizo mmezitolea jasho. Aliyewacheka mkiwa na ndoo hatawasaidia kulipa fundi wa kuchomelea. Inameni, tazameni chini ya magari yenu, leo, kabla kusi halijakaza.

Ukishaosha na kupangusa, usiliegeshe hapo hapo. Zunguka nalo kidogo ukikanyaga breki polepole, maji yakauke kwenye disiki na madramu. Ukilaza gari na breki zimelowa, asubuhi utazikuta zimeshika kutu ya juu juu na za nyuma pengine zimeganda.