Deni la kadi, ploti ya Juja na kibali cha usalama cha Marekani

SWALI: Mwanangu ni mwanajeshi wa Marekani, na alipata uraia wa huko mwaka 2021. Sasa anaombewa kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Mama yake alipougua na kufariki, alitumia dola 11,000 za kadi ya mkopo kulipa hospitali na mazishi, na kwa miezi sita hajalipa chochote. Hututumia pesa kila mwezi, ana ploti Juja kwa jina lake, na mdogo wake ni polisi hapa Nairobi. Je, tuihamishe hati ya ploti ije kwa jina langu kabla hajajaza fomu? (Baba, Umoja)

JIBU: Mzee wangu, pole sana kwa msiba. Hati iache ilipo. Fomu atakayojaza, inayoitwa SF-86, haiishii kwenye mali aliyo nayo leo bali huuliza kama amewahi kumiliki ardhi au nyumba nje ya Marekani, kwa hiyo kuihamisha hakutafuta jibu, na badala yake kutazua swali jingine gumu zaidi: kwa nini ilihamishwa wakati huu?

Vigezo vimo katika mwongozo uitwao SEAD 4, ulioanza kutumika Juni 2017, na kati ya vipengele vyake 13, mambo yenu yanagusa hasa viwili, yaani fedha na ushawishi wa kigeni. Kuhusu fedha, hofu ya wanaotoa kibali ni kwamba aliyebanwa na madeni hununulika kwa urahisi. Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, kwani Aldrich Ames wa CIA, aliyekamatwa mwaka 1994, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa amezongwa na madeni. Deni lililochelewa zaidi ya siku 120 ni lazima litajwe, na la mwanao limeshapita hapo. Mwongozo wenyewe unataja kifo na dharura ya matibabu miongoni mwa mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, ila kwa sharti ambalo wengi huliruka: awe amelishughulikia tatizo kama mtu mwenye kuwajibika. Kusema kweli, kinachonitia wasiwasi hapa si hizo dola 11,000 bali ule ukimya wa miezi sita. Aipigie benki simu wiki hii, wakubaliane kwa maandishi kiasi cha kila mwezi, hata kikiwa kidogo, kisha alipe bila kuruka mwezi na ahifadhi risiti zote pamoja na bili ya hospitali na cheti cha kifo. Na kwa kuwa sisi huku tunadhaminiana mikopo ya sacco bila kufikiri mara mbili, akumbuke kwamba deni lililochelewa ambalo yeye ni mdhamini wake nalo huulizwa.

Kuhusu jamaa, kuwa na baba na ndugu Kenya hakumnyimi mtu kibali. Kinachopimwa ni kama kuna anayeweza kumshinikiza kupitia kwenu, na katika kupima huko huangalia uhusiano wa nchi hizi mbili, ambao ni mzuri (Kenya ilitangazwa mwaka 2024 kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO), lakini pia hatari ya ugaidi katika eneo letu. Upande wa pili wa mizani huwekwa maisha yake ya huko: utumishi wake jeshini, familia, nyumba na akiba, ambazo zikiwa na uzito mkubwa, ploti moja ya Juja haitaonekana kitu cha kumgeuza. Pesa anazowatumia zina swali lake katika fomu, kwa maana huuliza kama amewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Polisi naye atajwe pamoja na mwajiri wake.

Kudanganya kwa makusudi katika fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kumfunga hadi miaka 5, na shaka yoyote inayobaki huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa, si kwa faida ya mwombaji. Unachoweza kumsaidia nacho, Mzee, ni kumtumia nakala ya hati, tarehe na bei ya ununuzi, na mwaka ambao mdogo wake alijiunga na polisi, ili aandike yaliyo sahihi badala ya kubahatisha.