Fomu mama na fomu mtoto: kabla hujamlaumu karani

Wadogo zangu mnaokuja field hapa Mbeya, karibuni sana. Kila kundi jipya likishika Access (programu ya Microsoft ya kutunza data), hazipiti siku nyingi nasikia mtu analalamika: "Kaka, hii kitu inazingua." Haizingui. Mama ni fomu kuu, mtoto ni fomu iliyoingizwa ndani yake (subform). Umemtafuta mtoto mahali asipokaa, au umemruhusu aandike mama akiwa bado hajasajiliwa. Makosa ni yale yale kila msimu, na data inayoharibika ni jasho la watu. Someni haya kabla hamjaniita kwenye meza yenu.

1. Fomu ikishaingizwa ndani ya nyingine, haihesabiki tena kwenye orodha ya fomu zilizofunguliwa. Tuseme mtoto ni fomuMizani, ya kilo za mizani, na mama ni fomuMkulima: ukiandika Forms!fomuMizani unapata kosa 2450 hata kama unaiona mbele yako kwenye skrini. Njia inaanzia kwa mama, inaingia kwenye boksi lililombeba mtoto, inapita .Form, ndipo inafika: Forms!fomuMkulima!boksiMizani.Form!txtJumla. Boksi lina jina lake mwenyewe. Fungua sifa zake usome Name, usisome Source Object (jina la fomu iliyomo ndani). Ukiburuta fomu na kuidondosha ndani ya mama, majina hayo mawili hufanana, na hapo ndipo vijana wengi wanapojifunza vibaya. Siku yakitofautiana, mtu anahangaika mchana kutwa na mstari mmoja wa kodi (code, maagizo ya programu). Liite boksi kwa jina linaloanza na "boksi", basi.

2. Mtoto anapotaka kitu kwa mama aseme Me.Parent, asimtaje mama kwa jina. Kwa njia hiyo fomuMizani ile ile itakaa ndani ya fomu ya mkulima leo na ndani ya fomu ya ghala kesho bila kuguswa. Ukiifungua peke yake ili kuijaribu, Me.Parent itakupa kosa 2452. Hilo ni sahihi kabisa, usianze kufuta kodi.

3. Mtoto hufunguka kabla ya mama. Matukio yake ya Open na Load (kufunguka na kupakia data) hutangulia, kwa hiyo thamani ambayo mama anaipanga kwenye Load yake, mtoto hawezi kuisoma kwenye Load ya kwake. Mama akishakuwa tayari, mwache yeye amwambie mtoto.

4. Hapa naomba mtulie.

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa upande wa Mbozi kilitengenezewa mfumo wa mapokezi. Mama alikuwa mkulima, mtoto mizani. Link Master Fields na Link Child Fields, sifa za boksi zinazomfunga mtoto kwa mama, ziliwekwa vizuri, zote MkulimaID (namba ya mkulima). Uhusiano wa majedwali uliwekewa ulinzi wa marejeo (referential integrity). Kijana aliyeutengeneza aliujaribu ofisini, ukapita. Msimu ulipochanganya, jumla ya kilo kwenye ripoti ya siku ikawa kubwa kuliko kahawa iliyopo ghalani, lakini ukijumlisha mkulima mmoja mmoja, hesabu inakaa sawa. Fikirieni hapo mwenyekiti anamtazama karani kwa jicho gani. Na kijana wetu naye akasema karani anaingiza mara mbili.

Kweli, aliingiza mara mbili. Lakini kaeni karibu na mzani muone kazi inavyokwenda. Gunia linapanda, mzani unasoma, karani anaandika kilo papo hapo kabla halijashushwa, halafu ndipo anauliza jina la mwenye mzigo. Mama yupo kwenye rekodi mpya, tupu, haina ID. Ungeandika herufi moja tu kwa mama kisha ukahamia kwa mtoto, Access ingemhifadhi mama yenyewe. Karani hakuandika hata herufi. Mtoto akahifadhiwa akiwa na MkulimaID tupu, na mkulima alipochaguliwa, ule mstari wa kilo ukatoweka machoni. Karani akaona haukuingia, akauandika upya. Ulikuwa umeingia. Ulibaki yatima ndani ya jedwali.

Ulinzi wa marejeo hauzuii uga (field) mtupu. Unazuia namba isiyokuwepo kwa mama, utupu unaupitisha. Rudini kwenye jedwali la mtoto, muweke Required (lazima ijazwe) kuwa Yes kwenye MkulimaID. Kisha kwenye BeforeInsert ya mtoto, tukio linalotangulia rekodi mpya:

If IsNull(Me.Parent!MkulimaID) Then
Cancel = True
MsgBox "Chagua mkulima kwanza."
End If

Wengine hulizima boksi mpaka mama ahifadhiwe. Mimi sipendi: karani akikuta boksi limekufa anadhani programu imekwama, anazima kompyuta. Ujumbe mfupi wa Kiswahili unamwambia la kufanya. Mayatima mliokwisha kuwazaa mtawapata kwa kwiri (query, swali kwa data) yenye MkulimaID Is Null. Msiwafute kwa mkupuo, walinganisheni na stakabadhi za karatasi, kwa sababu wapo ambao hawakuandikwa mara ya pili, na hizo ni kilo za mtu.

Yule karani aliombwa radhi. Hata asingeombwa, mfumo ungekuwa na makosa yale yale.

5. Requery (kusoma data upya) ya mama inamrudisha kwenye rekodi ya kwanza. Kama unachotaka ni mistari mipya ya mtoto, andika Me.boksiMizani.Form.Requery umwache mama alipo.

6. Jumla ipigwe kwenye futa (footer, sehemu ya chini ya fomu) ya mtoto, mama aisome kupitia boksi. Andika =Sum([Kilo]*[Bei]), usiandike =Sum([txtThamani]), maana Sum inajua uga wa data, haijui kisanduku ulichokokotolea. Mtoto akiwa katika mwonekano wa jedwali futa haionekani, lakini mama bado anaisoma. Na kama umemzuia mtoto kuongeza rekodi, mkulima asiye na mzigo atamletea mama #Error, kwa hiyo pima kwanza RecordCount (idadi ya rekodi) ya mtoto, ikiwa sifuri onyesha sifuri.