Chumba cha njano: kitabu kwanza au muvi?

Mkuu, umeuliza uanze na kitabu au muvi ya Le Mystère de la chambre jaune, ile hadithi ya upelelezi ya Kifaransa, na Kifaransa hujui. Anza na kitabu bana, tena usisome muhtasari popote, maana utamu wote uko kwenye swali moja, mlango umefungwa kwa ndani, dirisha lina nondo, mdada kashambuliwa humo na aliyemshambulia hayupo, sasa katokaje? Mwandishi wake, Gaston Leroux, aliitoa hadithi kwanza gazetini vipande vipande 1907 ndo maana kila sura inakuacha roho juu.

Tafsiri ya Kiingereza, The Mystery of the Yellow Room, ni ya zamani hivyo unaidaunlodi bure kihalali, lugha nzito kidogo, vumilia tu.

Muvi zipo kadhaa, kuna ya 1930 na ya 1949, ila we tafuta ya 2003 ya dairekta Bruno Podalydès yenye sabtaito, ina vichekesho kuliko kitabu. Rouletabille, yule mwandishi wa habari anayepeleleza kesi, kachezwa na Denis, mdogo wake Bruno, mi naona kazidi umri maana kitabuni ni dogo wa miaka 18 😂 Ukinogewa, mwendelezo ni Le Parfum de la dame en noir, nao waliutengenezea muvi 2005.