Omeprazole Haikusaidii? Angalia Kwanza Unaimeza Saa Ngapi

Kiungulia cha siku moja baada ya kuvimbiwa hakina hadithi ndefu. Cha kushughulikia ni kile kinachorudi mara mbili au zaidi kwa wiki, miezi nenda miezi rudi, pamoja na maji machachu yanayopanda kooni, kikohozi cha usiku au sauti kukwaruza asubuhi. Wengi hukiita vidonda vya tumbo, na tiba huanza kupotea njia hapo hapo. Vidonda ni majeraha kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mdogo, mara nyingi kutokana na bakteria au dawa za maumivu. Kiungulia sugu ni ubovu wa mlango: msuli unaofunga mwisho wa umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hulegea wakati usiofaa. Tindikali yenyewe huenda ni ya kiasi cha kawaida tu, ila imepanda mahali pasipo pake.

Sasa dawa, yaani omeprazole, ya kupunguza tindikali. Ukuta wa tumbo una pampu ndogo ndogo za kumwaga tindikali. Ukiwa na njaa, nyingi zimelala. Chakula kikiingia zinaamka. Omeprazole hufunga zile zilizoamka tu, na haikai kwenye damu muda mrefu. Ndiyo maana humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Anayeimeza usiku akienda kulala, tumbo tupu, anaipoteza sehemu kubwa. Dozi ya kawaida ni miligramu 20 mara moja kwa siku kwa wiki 4 hadi 8, na nafuu kamili huchukua siku kadhaa, kwa hiyo usiihukumu kwa kidonge kimoja. Kapsuli usiitafune wala kuiponda: punje za ndani zimefunikwa ili tindikali isiziharibu njiani.

Kuacha nako kuna ufundi. Ukikatisha ghafla baada ya miezi, tumbo hulipiza kwa kumwaga tindikali nyingi kuliko mwanzo, kwa wiki kadhaa. Mtu hudhani ugonjwa umerudi, anakimbilia dawa tena, na mzunguko hauishi. Kubaliana na daktari namna ya kupunguza, kwa mfano siku unameza siku unaruka kwa wiki mbili, huku ukituliza moto wa katikati kwa dawa ya maji ya kupoza tindikali. Hiyo ya maji hufanya kazi ndani ya dakika chache lakini haiponyi umio uliochubuka. Iachanishe kwa saa 2 au zaidi na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kuua bakteria za tetracycline na ciprofloxacin, kwani huzizuia zisifyonzwe. Famotidine, dawa nyingine ya kupunguza tindikali, inafaa kwa usiku mbaya. Ukiimeza kila siku, mwili huizoea upesi.

Kitanda nacho ni tiba, tena kinadharauliwa. Inua miguu ya upande wa kichwani kwa matofali au vipande vya mbao, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii: kunakunja kiuno na kuliminya tumbo. Lalia ubavu wa kushoto, na chakula cha mwisho kiwe saa 3 kabla ya kulala. Kitambi kikipungua, msukumo wa kwenda juu nao hupungua. Orodha ndefu za vyakula vya kuepuka si za kuzishika zote. Ondoa kimoja kwa wiki mbili, uone. Maziwa hupoza kidogo, kisha huliamsha tumbo limwage tena.

Chakula kikikwama kikishuka, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, usijitibu. Unahitaji kipimo cha kamera inayopitishwa kooni. Maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkononi au tayani ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, yawe ya moyo au la.

Upasuaji upo: sehemu ya juu ya tumbo huzungushiwa mwisho wa umio ili kukaza mlango. Kabla yake dai kipimo cha tindikali cha saa 24, kwa sababu kamera inaweza kuonyesha umio safi kwa mtu anayeungua kila siku. Na baadhi ya waliopasuliwa hurudia vidonge miaka ikipita.