Siku nilipoacha kuandika kikaratasi

Bwana Yesu asifiwe. Wewe uliyeokoka juzi, na wiki hii umekabidhiwa funguo za droo ya hela, kaa kidogo tuongee. Nilikuwa keshia kwa miaka sita kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na muda wote huo nilikuwa naimba kwaya.

Utasikia mahubiri mengi juu ya ulevi na uzinzi. Yahubiriwe, sina ugomvi. Ila mimi sikunaswa huko. Nilinaswa na peti keshi, ile hela ya nauli na chai ya mafundi. Mara ya kwanza nilichukua 5,000 ya dawa ya mtoto, nikaacha kikaratasi ndani ya droo: "5,000, narudisha Ijumaa," na jina langu chini. Ijumaa nikarudisha, nikakichana. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya sita au ya saba wateja walikuwa wamejaa, kalamu siioni, nikajiambia nitaandika baadaye. Sikuandika. Jioni nikafunga hesabu, nikajaza "usafiri 8,000" mahali pa 3,000, ikabalansi.

Kumbe kile kikaratasi kilikuwa kinaniuma, na maumivu yale ndiyo yaliyokuwa yananilinda. Siku niliyoacha kuandika nililala fofofo. Bosi hakuona, Jumapili tukaimba vizuri tu. Kwa hiyo usijipime kwa kuangalia kama umeshikwa. Jiulize ni kitu gani kilikuwa kinakuuma mwaka jana na leo hakikuumi tena.

Soma Yoshua 7 daftari la hesabu likiwa pembeni. Akani, Mwisraeli, alichukua vazi, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu katika nyara za Yeriko ambazo Mungu alikataza zisiguswe, akavifukia hemani mwake. Yeye mwenyewe anasimulia: aliona, akatamani, akatwaa, akaficha. Lakini kabla mtu yeyote hajajua kilichofukiwa, wanaume kama 36 walikuwa wameshauawa vitani kule mji wa Ai, kwa sababu ya dhambi yake. Hapo ndipo waliookoka karibuni wengi huteleza, wanadhani dhambi ya siri inabaki kwa mwenye siri. Ya kwangu ilimwangukia kijana wa mkokoteni aliyetubebea mizigo. Bosi alipoona usafiri unapanda kila mwezi, akasema yule kijana anatulangua, akatafuta mwingine. Nilikuwepo. Nilikuwa naandika risiti, na sikuinua kichwa.

Nikaamua kujitengeneza mwenyewe. Nikaanza kurudisha hela kimyakimya, 2,000 leo, 3,000 kesho. Sasa wewe uliyewahi kushika droo unajua kilichofuata: hela ikizidi ni swali, kama ilivyo ikipungua. Ili nirudishe bila kuulizwa, ikabidi niandike uongo mwingine kwenye daftari lilelile. Nilikuwa nalipa deni kwa kukopa.

Mzee mmoja wa kanisa, mhasibu mstaafu, ndiye niliyemwambia. Hakunikemea. Akafungua Warumi 6:23, "mshahara wa dhambi ni mauti; bali karama ya Mungu ni uzima wa milele," akaniuliza mshahara na karama vinatofautianaje. Nikasema mshahara unaufanyia kazi, karama unapewa. "Basi mshahara wako ni mauti, umeufanyia kazi vizuri," akasema. "Uzima wa milele hauna mahali pa kusaini." Kisha akanisomea Wakolosai 2:14, pale Kristo anapoifuta ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki na kuigongomea msalabani. Akasema hiyo hati ni mfano wa kikaratasi changu cha deni, mwandiko wangu mwenyewe, isipokuwa aliyekilipia ni mwingine, tena kwa damu yake. Niliomba palepale kibarazani, kuku wake wakipitapita. Miaka yote ya kwaya sikuwahi kuomba kama mtu anayedaiwa.

Shika mpangilio huo, maana ukiugeuza utachoka mapema. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakuahidi kurudisha mara nne ili Yesu aje kwake. Yesu alishamwita ashuke mtini, Zakayo akampokea kwa furaha, ndipo akatangaza kurudisha. Malipo ni dalili kwamba umesamehewa, hayanunui msamaha.

Kuhusu droo nitakuambia machache. Ukibanwa, muombe mwenye mali advansi, na usijikopeshe hata kwa kikaratasi. Tafuta mtu mmoja aliyekomaa wa kumwambia jambo likiwa bado dogo.

Na usitegemee kwamba kutubu kutakurudishia kiti. Nilimwambia bosi yote, akanitoa kwenye hela siku hiyohiyo, akanipeleka stoo kuhesabu misumari na mifuko ya saruji. Alikuwa na haki. Wenzangu wakaniita mlokole mwizi kwa muda mrefu.

Yule kijana nilimtafuta wiki tatu, nikamkuta sokoni akipakua viazi. Nikamweleza, nikampa hela niliyokuwa nimemwekea. Alizihesabu taratibu, akazikunja, akaniangalia.

"Kwa hiyo bei yangu ilikuwa sawa?"

Nikamwambia ilikuwa sawa.

"Twende ukamwambie bosi wako mbele yangu," akasema, akavaa shati lake.