Daktari ananiuliza maswali tu, kwenye mashine hanipeleki

SWALI: Shikamoo Nesi. Nina miaka 51, naishi Muheza. Mwaka juzi nilikatwa titi la kushoto, nikawekewa dripu za kemo, halafu mionzi Dar es Salaam. Sasa nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani isirudi, na kila baada ya miezi minne narudi kliniki. Tarehe ikikaribia silali. Mgongo unaniuma, naona kama saratani imerudi. Kinachonikera, daktari ananiuliza maswali, ananipapasa kifua na kwapa, basi. Jirani anataka niuze mbuzi nikapige CT skani ya mwili mzima hospitali ya kulipia. Mume wangu anasema nimeshapona, niache kujitafutia ugonjwa. Na majani ya mstafeli, ninywe?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbuzi waache kwanza.

Wodini, kabla sijastaafu, nimeulizwa hili mara nyingi, na wanaouliza huwa wameshaamini kwamba wamenyimwa kipimo kwa sababu ya umaskini. Sivyo. Mwaka 1994 Waitaliano walitoa matokeo ya majaribio mawili, kila moja likiwa na wanawake zaidi ya 1,200 waliotibiwa saratani ya titi. Wengine waliangaliwa kama wewe: maswali, mikono ya daktari, na mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kila mwaka. Wengine wakaongezewa picha za mifupa na kifua kwa ratiba, hata kama hawaumwi. Hawa wa vipimo vingi hawakuishi zaidi ya wenzao. Tena skani huonyesha vivuli visivyo na maana, ukaishia kuchomwa sindano ya kutoa nyama kwa kitu ambacho hakikuwapo.

Unachopaswa kudai ni mamogramu ya titi lililobaki, mara moja kwa mwaka. Kwenye barua hukuitaja. Iulizie.

Sasa mgongo. Hujaniambia unauma vipi, na hapo ndipo maswali ya daktari yanapofanya kazi. Unauma ukiinua ndoo ukapoa ukipumzika? Huo hata mimi ninao. Lakini ukizidi wiki mbili, ukaongezeka siku hadi siku, au ukakuamsha usiku umelala tu, usisubiri tarehe. Nenda ukaseme, na hapo skani ina kazi. Miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe Jumapili. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, kwa kuwa tamoksifeni inaweza kugandisha damu kwenye mishipa. Na kama hedhi ilishakoma kisha ukaona damu, katoe taarifa. Ila dawa usiiache kwa uamuzi wako.

Hofu ya kabla ya kliniki sikuahidi kwamba itaisha. Kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyopita. Daktari mwambie wazi, "silali," kama unavyomwambia mgongo unauma. Nunua daftari, andika kila dalili na siku ilipoanza, maana ukifika mbele yake utasahau yote. Ndani yake weka nakala ya majibu ya kipimo cha nyama, mafaili hupotea. Na ujue mapema: baada ya miaka mitatu hivi watakuongezea nafasi kati ya kliniki, na baada ya mitano itakuwa mara moja kwa mwaka. Nimeona wanawake wakilia siku hiyo, wakidhani wametupwa. Ni habari njema.

Mumeo naye anaogopa, nadhani. Wanaume wa kliniki nawajua, hubaki nje chini ya mti wameshika pochi ya mke. Huyo mwingize ndani, akae kwenye kiti, asikie mwenyewe.

Mstafeli: hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba majani yake yanazuia saratani isirudi. Kama umeshaanza kuyachemsha, mwambie daktari. Tunda kula.