Kabla Hujamuuliza Mzainichi "Kwenu Wapi?"

Ukienda Japani kwa masomo au kazi, huenda ukakaa dawati moja na mtu aliyezaliwa Osaka, wazazi wake wamezaliwa Osaka, Kijapani ndiyo lugha ya nyumbani, na bado si raia. Hawa ndio Zainichi, Wakorea wa Japani. "Kwenu wapi?" kwetu ni salamu tu. Yeye ameulizwa hivyo tangu utotoni, na si kila mara kwa wema. Subiri aseme mwenyewe.

Jina ndipo wageni wanapoharibu. Wengi wana mawili: honmyo, la Kikorea, na tsumei, la Kijapani. Kim anaweza kuwa Kaneda au Kanemoto, desturi iliyotiwa nguvu na amri ya kikoloni ya Japani ya mwaka 1940. Tsumei si jina la uongo. Huandikishwa manispaa na hutumika kwenye mikataba. Ukilijua la Kikorea, usilitamke mbele ya wenzake. Muulize mkiwa wawili: "Nikuite vipi mbele ya watu?" Park Chong-sok, Mzainichi, aliomba kazi kampuni ya Hitachi mwaka 1970 kwa jina la Kijapani, akakubaliwa, kisha akanyimwa ilipojulikana ni Mkorea. Alishinda kesi Yokohama mwaka 1974, lakini woga haukwisha siku ile.

Na matamshi pia. Herufi ile ile ya Kim, Mjapani akiisoma kwa sauti zake huwa Kin. Mchungaji Choi Chang-hwa alilishtaki shirika la utangazaji la NHK kwa kulisoma jina lake Kijapani, akidai fidia ya yen 1 tu. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ilimkatalia fidia, ila ikakiri kwamba mtu ana haki ya kuitwa kwa usahihi. Basi mwombe akuandikie jina kwa katakana, herufi za Kijapani zinazoonyesha matamshi.

Watafsiri, angalieni neno "Chosen" kwenye nafasi ya uraia ya hati zao. Si Korea Kaskazini. Korea ilikuwa koloni la Japani tangu 1910; vita vilipokwisha mwaka 1945 wengi walirudi kwao, kama 600,000 wakabaki. Mwaka 1947 waliandikishwa kama wageni chini ya jina hilo la rasi nzima, kabla dola mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, hazijaundwa. Tarehe 28 Aprili 1952, mkataba wa San Francisco ulipoanza kazi, uraia wa Japani ukawatoka wote kwa mkupuo, hakuna aliyeulizwa. Baadaye wengi walibadilisha neno hilo kwenye hati kuwa "Kankoku", yaani Korea Kusini. Wengine hawakutaka kuchagua nusu ya nchi. Na usikisie asili kwa siasa: hata walioegemea Kaskazini, mababu zao wengi walitoka kusini, Jeju na Gyeongsang.

Tangu 1991 waliopoteza uraia ule na wazao wao wana hadhi ya ukaazi maalumu wa kudumu. Kama umeoa au umeolewa huko, shika tarehe: kizazi huripotiwa ndani ya siku 14, na hadhi ya mtoto huombwa manispaa ndani ya siku 60. Mwenye pasipoti ya Korea Kusini anaweza kutoka na kurudi ndani ya miaka 2 bila kibali. Wa "Chosen" asiye na pasipoti inayotambuliwa lazima apate kibali cha kurejea kabla ya kuondoka, kwa hiyo msikate tiketi kwanza.

"Kwa nini usichukue tu uraia?" Liache swali hilo. Maombi hayana ada, lakini yanataka rundo la nyaraka, zikiwemo za ukoo kutoka Korea zilizotafsiriwa, na tarehe za babu zisipolingana kazi huanza upya. Akipewa, wa Korea Kusini unamtoka. Asipochukua, hapigi kura hata ya diwani. Kila nyumba imepiga hesabu yake. Usipongeze wala usilaumu.

Ukitaka kujifunza kwa macho, Shin-Okubo ya Tokyo itakupotosha, maduka yake mengi ni ya Wakorea waliohamia miaka ya karibuni. Nenda soko la Tsuruhashi, Osaka, halafu Utoro, mtaa wa Zainichi mjini Uji: nyumba zilichomwa moto kwa makusudi Agosti 2021, na Aprili 2022 jumba la makumbusho likafunguliwa mtaani hapo hapo.